UZI: Mechi kubwa ya kriketi ukiwa ugenini, ulikaa na nani?

MrushajiMstaafu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Jukwaa hili ni mpira wa miguu asubuhi mpaka usiku, sisi watu wa kriketi tunapita pembeni kimyakimya. Leo naomba nafasi kidogo. Wasiopenda mchezo huu wanaweza kupita tu, sitakasirika.

Nataka tuzungumzie mechi kubwa ulizoangalia ukiwa nchi ya watu, na hasa uliangalia NA NANI. Naanza mimi.

Tarehe 23 Oktoba 2022 nilikuwa Melbourne, ndani ya ule uwanja mkubwa wa MCG. India na Pakistan, Kombe la Dunia la T20, ile kriketi fupi ya ova 20 kila timu, ova moja mipira sita. Wiki nzima tulikuwa tunatishwa na mvua, kila nikifungua utabiri naona mawingu. Siku yenyewe mvua ikatupisha. Tulihesabiwa watu 90,293.

Mimi ni wa Pakistan. Sina damu ya huko wala shemeji wa huko. Nilivutwa na warushaji wa kasi, tangu enzi za Wasim Akram na Waqar Younis. Mtu akirusha mpira ukatua kwenye vidole vya mpigaji na vile vijiti vitatu nyuma yake vikaruka, roho yangu inatulia. Basi. Kila mtu na ugonjwa wake.

Tiketi yangu ikaniangusha katikati ya bahari ya bluu. Kulia India, kushoto India, mbele India. Nyuma yangu tu ndipo alipokuwa mzee mmoja wa Kipakistani na binti yake, na tukatazamana kama watu waliofiwa pamoja kabla hata mechi haijakolea. Maana nahodha wetu Babar Azam alitolewa na mpira wake wa kwanza kabisa, sifuri. Rizwan akafuata na mikimbio (pointi za kriketi) minne. Kijana wa pembeni yangu akanigeukia, akaniuliza kwa heshima zote kama niko salama.

Iftikhar na Shan Masood wakatuokoa, kila mmoja akapita hamsini, tukafika 159 kwa wiketi 8, yaani wapigaji 8 wametolewa. Halafu zamu ya India, ova ya saba ikianza tu wako 31 kwa wiketi 4. Sasa mimi ndiye niliyemgeukia yule kijana kumuuliza kama yuko salama.

Mnajua kilichofuata. Kohli na Hardik Pandya wakashona mikimbio 113 pamoja. Bado nilikuwa naamini. Zikabaki mipira 8, wanataka 28, anarusha Haris Rauf, na Rauf siku hiyo alikuwa moto. Kohli akaegemea mguu wa nyuma akaupiga mpira wima juu ya kichwa cha mrushaji, sita. Mpira uliofuata, sita nyingine nyuma kule upande wa mguu. Ile ya kwanza mpaka leo sielewi mwili wa binadamu unaipigaje.

Ova ya mwisho ndiyo iliyonifanya nilete uzi huu. Nawaz anarusha, wanataka 16. Katikati ya ova Kohli anapiga sita, na ampaya (mwamuzi) anasema nobo, yaani mpira si halali, umepita juu ya kiuno. Yule mzee nyuma yangu akasimama. Kijana wa India akasimama. Wakaanza kupimana viuno! Mzee anamshika kijana mkanda wa suruali, anamwambia kiuno kiko hapa, wewe umekipandisha. Kijana anamwambia baba, Kohli alikuwa ametoka mbele ya krizi (mstari wa mpigaji) lakini alikuwa wima, tazama. Safu nzima ikawa mahakama.

Hatujamaliza hiyo, mpira wa bure, ule unaopewa baada ya nobo, ukamvunjia Kohli vijiti, ukachomoka kuelekea nyuma na wao wakakimbia mara tatu. Mzee akalia kwamba mpira umekufa ukishagusa vijiti. Binti yake, mwenye miaka kama kumi na mbili hivi, ndiye aliyemkatalia: kwenye mpira wa bure mrushaji hawezi kukutoa kwa kuvunja vijiti, kwa hiyo mpira uko hai, kimbia utakavyo. Mtoto alikuwa sahihi. Wahindi wakampigia makofi mtoto wa Kipakistani.

Karthik akatolewa, Ashwin akaingia akaacha mpira ukapita, waidi (umeenda pembeni mno, mkimbio wa bure), halafu akauinua wa mwisho juu ya mtu wa mbele na mechi ikaisha. Sikumbuki vizuri kelele zilivyokuwa. Nakumbuka yule mzee alivyoshikwa mabega na watu waliokuwa wanamzomea nusu saa nyuma.

Hoja yangu ndiyo hii: mechi kubwa ya kriketi usiangalie na watu wa upande wako peke yao. Kaa na wapinzani. Na kwa India na Pakistan, ugenini ndiko kwenyewe, kwa sababu hizi timu hazijachezeana mfululizo wa mechi za nchi mbili tangu Januari 2013. Zinakutana kwenye mashindano tu, na mashabiki wao wengi wanapata kukaa benchi moja wakiwa nchi ya tatu.

Karibuni.

---

Ova20

Ngoja nivute kiti. Uzi kama huu tulikuwa tunausubiri.

---

KambaYaMpaka

Mkuu umenirudisha. Mimi yangu ni ya Tokyo, tarehe 29 Juni 2024, fainali ya Kombe la Dunia la T20 pale Bridgetown, Barbados, India na Afrika Kusini.

Kwanza muelewe saa. Barbados mechi inaanza saa nne na nusu asubuhi. Kwetu ilikuwa saa tano na nusu usiku. Na treni za Tokyo zinalala mida ya saa sita au saba usiku, zinaamka alfajiri kama saa kumi na moja. Maana yake ukiamua kuangalia fainali na wenzako, umeamua kulala nao. Hakuna habari ya "naondoka kidogo mapema". Mechi iliisha saa tisa usiku na kitu, na mpaka treni ya kwanza ilikuwa bado sana.

Tulikuwa ukumbini, Wahindi wengi, Waafrika Kusini kikundi, na mimi niliyekwenda kwa sababu nafanya kazi na mmoja wao. Nikakaa upande wa Afrika Kusini kwa sababu ya bara, sitaki kuficha.

India walipiga 176, Kohli 76. Wenzangu wakaanza kujibu, na Klaasen alipoingia akawa hana huruma na mtu. Ikafika mahali mipira 30 imebaki, wanataka mikimbio 30, wiketi sita mkononi. Jamaa yangu akaanza kulia KABLA. Namuuliza unalia nini, mnashinda. Akaniambia wewe hutujui sisi.

Kweli sikuwajua. Klaasen akadakwa na mlinda wiketi kwenye mpira wa kwanza wa ova ya 17, alikuwa na 52 kwa mipira 27. Bumrah ova yake ya mwisho akatoa mikimbio miwili tu na kumvunjia mtu vijiti. Arshdeep akatoa minne. Ova ya mwisho wanataka 16, Miller anaupiga juu, tunainuka wote, na Suryakumar Yadav anaudaka kwenye kamba ya mpaka wa uwanja, anaurusha juu, anatoka nje, anarudi ndani, anaudaka tena. India wakashinda kwa mikimbio saba.

Sasa hapo ndipo hoja ya mleta uzi inapopimwa. Mmefungwa pamoja kwenye jengo moja mpaka alfajiri, walioshinda na walioshindwa, na hakuna usafiri. Saa ya kwanza ilikuwa ngumu. Kila mtu na simu yake, wanakuza ile picha ya kiatu cha Suryakumar na kamba, kuona kama kiligusa. Baadaye mmoja wa Wahindi akaja akakaa chini karibu na jamaa yangu, akaanza kumsimulia Ahmedabad, tarehe 19 Novemba 2023, jinsi walivyoshinda mechi kumi mfululizo halafu wakapoteza fainali ya Kombe la Dunia nyumbani kwao. Walibadilishana misiba mpaka treni ikaja.

---

Mtu_wa_Robo

Samahani wakuu napita tu. Huu mchezo si ndio ule unaochezwa siku tano halafu wanatoka sare?

---

MrushajiMstaafu

Mtu_wa_Robo, ndio huo huo, karibu. Siku tano ni ule unaoitwa Test, ile aina ya zamani. Ova 50 ni siku moja. T20 ni saa tatu na ushee, hauzidi sana filamu ndefu. Na sare ya siku ya tano, mtu wa mwisho akiwa analinda vijiti na jua linazama, utakuja kuniambia.

---

Ova20

Halafu huo ugoigoi mnaousema ndio faida yenyewe. Kwenye soka ukigeuka kuongea na mtu, goli limeingia. Kriketi ina pumziko kila mpira, pumziko refu kila ova, na pumziko kubwa kati ya zamu mbili. Mtu asiyekujua atakuuliza swali kwenye mpira wa pili, kufika ova ya kumi unajua anafanya kazi gani, kufika zamu ya pili unajua kwa nini aliachana na mkewe. Nimekaa nchi za watu muda mrefu, marafiki zangu karibu wote nimewapata kati ya mpira na mpira.

---

BintiWiketi

Nakubaliana na mleta uzi nusu tu.

Kaa na wapinzani, sawa. Lakini lazima na wewe uwe na watu wako angalau wawili. Mimi ni mwanamke, na nimewahi kuwa peke yangu kwenye ukumbi ambao wote ni wa upande wa pili na wote ni wanaume, na timu yangu ikashinda. Sikupiga hata kofi. Niliinuka taratibu nikaenda zangu. Kwa hiyo kaka MrushajiMstaafu, wewe ulikuwa na mzee nyuma yako. Bila yule mzee uzi huu ungeuandika tofauti.

Halafu kuna kitu hamjakigusa: UCHELEWESHAJI. Hii inaua raha kuliko kushindwa. Matangazo ya intaneti yanaweza kuwa nyuma ya uwanja kwa nusu dakika na zaidi. Programu za matokeo zinatangulia. Sasa chukua ukumbi wa watu sitini wanaoangalia skrini moja, halafu kuna mwerevu mmoja pale kona anafuatilia kwenye simu. Mrushaji kwenye skrini bado anapangusa mpira, yeye kule "yesss!" Mmekwisha. Hamtasisimka tena usiku ule, kila mtu anamtazama yeye badala ya skrini.

Kwetu tuliweka sheria: simu mfukoni kuanzia ova ya 15 ya zamu ya pili. Anayevunja anatoka nje mpaka ova iishe. Mwenye nyumba aliwahi kutolewa.

---

KambaYaMpaka

Mwenye nyumba ametolewa nyumbani kwake, nimecheka peke yangu kwenye basi.

Dada BintiWiketi naongezea: hata ndani ya jengo moja, ghorofa ya juu wakiwa na setilaiti na nyie mna intaneti, mnasikia kelele za wiketi kupitia dari. Dawa ni kuwapandia tu muungane.

---

Mzee_wa_Durban

Vijana nyie wa T20, na mimi niseme.

Machi 2003, nusu fainali ya Kombe la Dunia, Kenya na India. Ndiyo, KENYA. Nchi isiyo na hadhi ya kucheza mechi za siku tano imefika nusu fainali. Nilikuwa masomoni ughaibuni, na katika mtaa niliokuwa naishi wenye king'amuzi cha kriketi walikuwa Wahindi. Nikabisha hodi. Nilikuwa Mkenya pekee mle ndani.

Wengi watasema tulibahatika kwa sababu New Zealand walikataa kuja Nairobi na tukapewa pointi za bure. Sawa. Lakini Sri Lanka walikuja Nairobi, na Collins Obuya akawatolea watu watano kwa mikimbio 24, tukawafunga kwa mikimbio 53. Hiyo haikuwa bahati. Na kabla yake, mwaka 1996 kule Pune, tuliwatoa West Indies wote wakiwa na mikimbio 93 tu, tukashinda, West Indies yenye Brian Lara ndani. Wanaosahau hayo wakumbushwe.

Nusu fainali yenyewe ilikuwa Durban, tarehe 20 Machi. Ganguly akapiga 111 na hakutolewa, India 270. Sisi tukaishia 179, Steve Tikolo akapiga 56. Kwa mikimbio 91 tukatoka.

Lakini sikilizeni. Kila Tikolo alipopiga mpira mzuri, wale wenyeji wangu walinitazama mimi kwanza halafu wakapiga makofi. Mama mwenye nyumba aliamua kwamba nisiwe mpweke, akawagawa wanawe: wawili wakae upande wangu waishangilie Kenya. Mdogo alikataa katakata. Mkubwa alikubali, na kufika katikati ya zamu yetu alikuwa anaumia kweli kuliko mimi.

Kwa hiyo kijana MrushajiMstaafu hoja yako naikubali, ila naipeleka mbele kidogo. Ukiwa mgeni na timu yako ni ndogo, wapinzani wako ndio watu wako. Hakuna wengine.

---

Ova20

Mzee wangu shikamoo. Huu mchango uwekwe juu kabisa.

---

Mtu_wa_Robo

Shikamoo mzee. Hivi Kenya kweli walifika nusu fainali ya dunia? Nimezaliwa lini mimi.

---

JangwaniXI

Mnapamba sana. Acha niwape upande mwingine.

Mimi nafanya kazi Dubai. Kule kriketi ya India na Pakistan si kitu cha kusafiri kukifuata, inakuja mlangoni. Februari na Machi 2025 Pakistan ndio waandaaji wa Kombe la Mabingwa, lakini India wakacheza mechi zao zote Dubai, na walipoingia fainali, fainali nayo ikaletwa Dubai. Mwandaaji anaangalia fainali yake kwenye televisheni. Wenzangu wa Pakistan kazini siku hiyo hawakutaka hata kuitaja.

Kisha Septemba 2025, Kombe la Asia. Wachezaji wa India wakakataa kupeana mikono na wa Pakistan baada ya mechi. Wakakutana mara tatu kwenye mashindano yale, na fainali ya tarehe 28 India wakashinda kwa wiketi tano, halafu wakakataa kupokea kombe kutoka kwa Mohsin Naqvi, mkuu wa kriketi ya Pakistan na ya Asia wakati huo. Tilak Varma alipiga 69 bila kutolewa, zamu safi kabisa, na kesho yake hakuna aliyeizungumzia.

Sehemu niliyozoea kuangalia, mechi zote hizo, walitutenganisha. Milango miwili, skrini mbili. Mtu uliyekula naye chumba kimoja miaka, mnaachana mlangoni kama hamjuani. Kwa hiyo mkuu benchi lako la Melbourne ni zuri, lakini la 2022. Mambo yamebadilika.

---

MrushajiMstaafu

JangwaniXI, sikupingi kwa uliyoyaona, hayo ya mikono wote tuliyaona na yaliniuma. Ila swali: hiyo milango miwili waliiweka mashabiki au mwenye ukumbi?

---

JangwaniXI

Mwenye ukumbi. Aliogopa.

Na sawa, nikiri hili pia: kwenye fainali ile, zamu ya India, watu walianza kuvuka. Pakistan walikuwa 113 kwa wiketi moja wakaanguka mpaka 146 wote nje, mnajua ilivyokuwa, na upande wao ukawa kama chumba cha hospitali. India nao wakaanza vibaya, 20 kwa wiketi 3. Hapo mmoja akaja upande wetu kuuliza tunaonaje. Akafuata mwingine. Kufika ova ya 15 ule mlango wa katikati ulikuwa umeegeshwa kwa kiti ili usijifunge.

---

BintiWiketi

Kwa hiyo umekuja kumpinga mleta uzi na umeishia kumpa ushahidi.

---

JangwaniXI

Dada, kiti kimoja. Milango ilikuwa miwili tangu mwanzo. Msinilishe maneno.

---

MgeniWaVijiti

Habari za humu. Nimesoma uzi wote. Niko nje kwa kazi, wenzangu ofisini ni Wahindi, Waingereza na Waaustralia, wamenialika kuangalia fainali ijayo pamoja. Sijui lolote, ningependa nisikae pale kama mzigo. Naomba msaada wa haraka, siyo sheria zote.

---

BintiWiketi

Karibu sana. Sheria zote hata ampaya hazijui, usihofu.

Wewe angalia namba mbili tu pale chini ya skrini: mikimbio inayotakiwa na mipira iliyobaki. Zikilingana, kama ile 30 kwa 30 ya KambaYaMpaka, anayepiga yuko raha. Ya mikimbio ikianza kuiacha ya mipira mbali, anayerusha anapumua. Ukijua hilo tu utajua lini watu wananyamaza na kwa nini.

Ova sita za mwanzo za T20 walinzi wawili tu ndio wanaruhusiwa kuwa mbali nje ya duara, kwa hiyo wapigaji wanajaribu kufanya fujo hapo. Wakipoteza wiketi tatu katika ova hizo, utaona nyuso. Na ukisikia wanabishana kuhusu umande, ujue mechi ni ya usiku: nyasi zikilowa mpira unateleza mkononi, mrushaji wa mzunguko anapata taabu kuushika, ndiyo maana manahodha wengi hupenda kupiga wa pili.

Swali lolote uliza, ila uliza ova ikiisha. Mrushaji akishaanza kukimbia usimguse mtu bega.

---

Mzee_wa_Durban

Na uliza swali kwa mtu ambaye timu yake inashindwa. Anayeshinda hana muda na wewe. Anayeshindwa atakueleza kuanzia mwaka 1975.

---

NusuMpira

Nimechelewa lakini naomba kuweka ya kwangu, tena ina Waingereza, MgeniWaVijiti atajifunza.

London, tarehe 14 Julai 2019, England na New Zealand, fainali ya Kombe la Dunia la ova 50. Sikuwa na tiketi ya Lord's. Waliweka skrini kubwa Trafalgar Square, na siku hiyo mechi ikaonyeshwa bure kwenye televisheni ya kawaida, jambo ambalo kule kwa kriketi lilikuwa limekuwa adimu. Watu ambao hawajawahi kutazama mpira mmoja walikuwa pale. Niliyekwenda naye ni wa New Zealand, tulikuwa tunapanga nyumba moja.

Wote wakamaliza na 241. Ova ya mwisho Stokes anajirusha kuingia krizi, mpira uliotupwa na mlinzi unagonga bati lake la kupigia na kwenda mpaka kwenye kamba. Wakapewa mikimbio sita. Baadaye ampaya Dharmasena mwenyewe alikubali kwamba ilipaswa kuwa mitano. Ova ya ziada, 15 kwa 15. Sare juu ya sare. Kisha ikatangazwa England mabingwa kwa sababu wamepiga mipira mingi ya kufika kwenye kamba, 26 kwa 17.

Nilikuwa nashangilia England, ndiko nilikokuwa nalipia kodi. Nikaruka na kila mtu aliyekuwa karibu. Halafu nikamwona mwenzangu amesimama na kikaratasi, alikuwa anaandika kila mpira kwa kalamu mechi nzima, hao watu wapo. Anajumlisha tena. Anajumlisha tena. Mwingereza mmoja wa makamo akamwendea, hakumwambia pole, akamwomba waikague hesabu pamoja. Wakakaa chini kwenye ngazi wakaanza kutoka ova ya kwanza. Mimi nilirudi nyumbani peke yangu, wale niliwaacha wako ova ya thelathini na kitu.

---

Ova20

Na ile sheria ya kuhesabu mipira ya kamba ICC, baraza la kriketi la kimataifa, waliifuta Oktoba mwaka ule ule. Siku hizi zikilingana wanarudia ova ya ziada mpaka apatikane mshindi. Mwenzako alisemaje?

---

NusuMpira

Alisema wamechelewa miezi mitatu.

---

MgeniWaVijiti

Asanteni sana wakuu, nimeandika yote. Swali la mwisho: nivae jezi ya nani?

---

MrushajiMstaafu

Ya anayerusha kwa kasi zaidi.

---

BintiWiketi

Usimsikilize huyo. Usivae jezi ya mtu yeyote, ukifika pale watagombania kukupa. Na simu mfukoni.